Barua ya Mfalme Ndani ya Pipa la Unga

"Guyonne, chapati inaungua. Akili umeiacha wapi?"

"Nipo, Mama."

"Upo wapi? Mwenzio ameshatoka bandarini."

Mwiko ulimdondoka Guyonne. Kwenye pipa la unga, pembeni ya goti la mama yake, Mama Thomasse, alikuwa ameficha barua ya mfalme, ile inayomruhusu mchumba wake, Kapteni Josselin, kuwinda meli za Waingereza vitani. Aliitoa jana kwenye kisanduku cha Josselin, akatia kalenda kuukuu mahali pake.

"Ametokaje? Si lazima wakaguzi wa bandari waisome barua yake kwanza?"

"Waliisoma wiki jana, alipoiandikisha. Leo wanahesabu vichwa tu." Mama Thomasse akamkazia macho. "Kwa nini unauliza?"

Guyonne akaliangalia pipa.

"Baba yake Josselin alikamatwa na Waingereza," mama akaendelea polepole. "Alifungwa miaka miwili, akarudi, maana barua alikuwa nayo. Kaka yangu hakuwa nayo. Asiye na barua ni haramia, mwanangu. Haramia hafungwi. Hunyongwa."

Guyonne akazamisha mkono kwenye unga hadi kiwiko, akaitoa barua.

Mama Thomasse aliitazama ile barua, akafanya ishara ya msalaba. "Vaa viatu. Bado wanangoja maji yajae nje ya ngome."

Walikodi mtumbwi. Josselin aliwapokea juu ya meli, mbele ya mabaharia wake, akicheka.

"Unaniaga mara ya pili, mpenzi?"

"Fungua kisanduku chako."

Alifungua, akakuta kalenda. Kicheko kikakatika.

"Ulitaka ninyongwe?"

"Nilitaka ubaki. Matangazo ya ndoa yetu yamesomwa Jumapili mbili, imebaki moja."

"Nibaki vipi? Nimeshatia sahihi. Nikishuka ni jela. Nikienda bila hii ni kitanzi. Nikienda nayo, huenda nikarudi. Mlango wa nne uko wapi, Guyonne? Nioneshe."

Guyonne akampa barua kwa mkono wake mwenyewe, mkono uliojaa unga. Josselin aliipokea, akageuka, akaamuru nanga ing'olewe. Hata kwaheri hakusema.

Jumapili Guyonne alikaa benchi la mwisho. Mchumba akighairi, jina halisomwi, na Saint-Malo nzima itajua. Padri alisoma majina ya wengine, akatoa kikaratasi.

"Hiki amekileta rubani wa bandari aliyeiongoza meli yao hadi bahari kuu. Kapteni Josselin ameniandikia hivi: 'Padri, soma tangazo la tatu. Aliyenifichia barua ndiye aliyeileta mbele ya mabaharia wangu wote, na aibu yake haikumzuia. Huyo namtaka.'"

Kisha akayasoma majina yao mawili, akauliza kama yupo anayejua kizuizi.

Watu wakageuka nyuma. Guyonne akainama.

"Inua uso," Mama Thomasse akanong'ona, akimpangusa unga kwenye mkono wa gauni. "Sasa tuna kazi moja, mimi na wewe. Kumwombea arudi."