Siku Kumi na Sita Bila Kwenda Darajani

Kila siku ya shule, saa moja asubuhi, Yusra alitakiwa kupita darajani kabla ya kuingia darasani. Kazi yenyewe haikuchukua hata dakika tano. Alikuwa akiinama juu ya ukuta wa daraja, akiusoma ubao wa vipimo uliosimamishwa ndani ya mfereji, kisha akiandika kwenye daftari maji yamefika sentimita ngapi.

Mwaka ule chuo kikuu na kampuni moja kutoka Tunis vilikuwa vimeungana kuuwekea king'ora cha mafuriko mtaa wetu wa wafinyanzi hapa Nabeul, Tunisia. Kampuni ilifunga chini ya daraja kifaa kinachopima maji chenyewe, na chuo kikatunga hesabu za kuamua king'ora kilie lini. Shule iliombwa jambo moja tu: mwanafunzi mmoja awe anaangalia kwa macho yake, ili ijulikane kama kifaa kinasema kweli. Mwalimu Radhia alimchagua Yusra wa darasa la sita, kwa sababu ya mwandiko wake.

Wiki mbili za mwanzo Yusra alikwenda bila kukosa. Kisha asubuhi moja alichelewa kuamka, akakimbilia shuleni moja kwa moja. Darasani kulikuwa na skrini iliyoonyesha kipimo cha kile kifaa. Ilionyesha 12. Yusra akaandika 12. Hakuna aliyemuuliza kitu. Kesho yake skrini ilionyesha 12 tena, naye akaandika 13, isije ikaonekana ananakili.

Shiraz, aliyekaa naye dawati moja, alimkazia macho. "We Yusra, leo umepita darajani kweli? Mbona nimekuona ukitokea upande wa sokoni?"

"Kile kifaa kina akili kutushinda mimi na wewe. Kinajua."

"Sasa wewe wamekuweka wa nini?"

"Nyamaza bwana, Mwalimu anakuja."

Zikatimia siku kumi na tano za namna hiyo.

Siku ya kumi na sita mvua ilianza alfajiri na haikupumua. Saa nne asubuhi, wakiwa katikati ya somo la hesabu, Shiraz aliruka juu ya kiti. Maji ya rangi ya udongo yalikuwa yakiingia kwa chini ya mlango. Mwalimu Radhia akatazama skrini. 12. Akatazama viatu vyake vilivyokwisha kuzama.

"Haiwezekani," alisema. Halafu akapaza sauti, "Juu! Wote ghorofani, acheni mikoba!"

King'ora kilikuwa kimya kabisa.

Kutoka dirisha la ghorofani Yusra aliona barabara imegeuka mto. Mitungi mibichi ya wafinyanzi ilipita ikizunguka. Mtungi wa gesi nao ukapita. Na pale karibu na daraja, mwanamke alikuwa amekumbatia nguzo ya taa, maji yakimfika kifuani. Alikuwa mama yake mdogo, Beya, aliyeuza supu ya dengu pale kila asubuhi.

Wafinyanzi wawili walirusha kamba mara ya kwanza, ikapita mbali. Wakarusha tena. Beya akaachia nguzo kwa mkono mmoja, akaishika, wakamvuta huku maji yakimpigiza ukutani. Shiraz alikuwa analia. Yusra hakuweza hata kulia. Alisimama tu, akiiona namba 12 kila alipofumba macho.

Maji yalipotoka, kesho yake, watu walikusanyika kwenye ukumbi wa shule. Mhandisi Munji wa kampuni na Profesa Hayat wa chuo kikuu walikuwa wamesimama mbele, wameshaanza kugombana.

"Kifaa changu kilitoka kiwandani kizima," Munji alisema. "Hesabu zenu ndizo mbovu."

"Hesabu gani, Munji? Kifaa kinasema kumi na mbili huku watu wanaogelea!"

"Na daftari la mtoto je? Nalo lina kumi na mbili, kumi na tatu. Mtoto naye ni mbovu? Basi mimi nang'oa vitu vyangu leo leo!"

Beya akanyanyuka, mkono umefungwa plasta mpaka begani. "Mkishaondoka, baba, mvua ijayo nani atatuambia?"

Hapo Yusra akasimama.

"Mimi sikwenda," alisema. "Niliandika nilichoona kwenye skrini."

Mwalimu Radhia alijishika mdomo.

"Siku ngapi?" Munji aliuliza polepole.

"Kumi na sita."

Walikwenda darajani wote. Mkono wa chuma uliobeba kifaa ulikuwa umepinda, pengine uligongwa na gogo, na jicho lake lilitazama ukingo wa saruji badala ya maji. Hakuhitajika mtaalamu. Mtu yeyote aliyeinama juu ya ukuta angeliona.

"Kimekuwa kikipima saruji," Munji alisema, akakaa kwenye tope kana kwamba ni kiti.

Profesa Hayat aliinama juu ya ukuta, akakitazama kifaa. "Na sisi je? Nani kati yetu amefika hapa siku hizo?"

"Nilidhani watu wako wanakuja."

"Na mimi nilidhani wako."

Yusra alimgeukia Beya, na machozi yakatoka hatimaye. "Nisamehe, mama mdogo."

"Mkono utaunga, mwanangu," Beya alijibu. Hakutabasamu. "Lakini jana nilidhani nakufa. Usije ukasahau."

Tangu hapo vifaa vikawa viwili. Fundi wa kampuni na mwanafunzi wa chuo wakaja pamoja kila wiki, na Yusra na Shiraz wakawa wanasoma ubao kila mmoja na daftari lake. Mwishoni mwa Novemba mfereji ulijaa tena. Safari hii king'ora kililia mapema, saa sita mchana, maduka yakafungwa, watu wakapanda juu. Maji yalipita kwenye mtaa mtupu.

Jioni ile Yusra alimwuliza Profesa Hayat kwa nini hakumwondoa kwenye kazi.

"Kwa sababu ulisema kweli mbele ya watu wote, na bila hiyo mimi na Munji tungekuwa bado tunagombana," alijibu. "Lakini nisikilize vizuri. Mashine huharibika, wataalamu hukosea, mtoto huchelewa kuamka. Hayo yote tunaweza kuyarekebisha tukiyajua. Siku ile ya kwanza ungeandika maneno mawili tu, 'Sijaenda leo', ningekuja mwenyewe kuangalia."