Jina Kwenye Programu ya Kofia

Kila alasiri, akisharudi skuli, Shadya alikaa ukumbini kwao, mtaa wa Mpendae, pamoja na shangazi yake, Bi Mwanakheir, fundi wa kofia za viua, zile zinazodariziwa maua kwa mkono. Shadya alichora maua kwa penseli kwenye karatasi yenye miraba, na shangazi akayashona. Mchoro ukikosewa kidogo tu, maua hayakukutana pale ukanda wa kofia unapoungana, na kazi ilianza upya.

Shangazi alikuwa na tabia moja. Mteja akiusifu mchoro, humwambia kwanza umetoka kwa nani. "Huu wa Bi Kazija. Mimi nimeongeza majani tu." Shadya aliyasikia maneno hayo tangu mdogo, hata akawa hayasikilizi tena.

Siku moja Mwalimu Masoud, anayewafundisha kompyuta katika skuli yao ya Mji Mkongwe, aliwapa wanafunzi programu huria ya kuchorea mapambo ya masweta. Aliwaeleza kwamba programu huria ni ile ambayo mwenyewe ameruhusu kila mtu aitumie, aifungue ndani na aibadilishe imfae. Shadya akaichukua mpaka nyumbani. Shangazi aliijaribu kidogo, kisha akaisukuma kompyuta kando.

"Inanilazimisha kuanzia kushoto! Mimi mkono wangu nnaanzia kulia tangu nlipojua kushika sindano. Na vijumba vyenyewe vidogo hivi, wanataka macho yangu yatoke?"

"Usiudhike, Shangazi. Ntaigeuza ikufuate wewe."

Kazi haikuwa rahisi. Kwa miezi miwili Shadya alisoma maagizo ya programu mstari kwa mstari. Alikosea, programu ikagoma kufunguka, akaanza tena. Hatimaye mchoro ukaanzia kulia, vijumba vikawa vikubwa, na ua moja likichorwa lilijirudia lenyewe kuzunguka kofia nzima mpaka likakutana na la kwanza. Shangazi alipiga vigelegele. Kwa furaha, Shadya akaandika kwenye ukurasa wa mbele: "Imetengenezwa na Shadya." Hisham, mwanafunzi mwenzake ambaye mama yake pia hushona kofia, alipoomba nakala, alimpa bila kinyongo.

Ikafika siku ya maonyesho ya skuli. Kazi moja ingechaguliwa kwenda kushindana na skuli nyengine, na Shadya alikuwa na uhakika ni yake. Alikuja na shangazi yake, kofia mkononi. Mlangoni tu, akaona watu wameizunguka meza ya Hisham. Kwenye kompyuta yake yalikuwemo maua yale yale, yanaanzia kulia, na juu yake maandishi makubwa: "Imetengenezwa na Hisham."

Shadya alijipenyeza mpaka mbele ya Hisham.

"Mwizi mkubwa we! Nlikupa kwa wema wangu, leo unafuta jina langu?"

"Mimi nimetia rangi za nyuzi," alijibu Hisham, macho chini. "Na Mwalimu alisema kubadilisha ni ruhusa."

"Rangi! Miezi miwili nimekesha macho na programu hii, we umetia rangi, basi imekuwa yako?" Akamgeukia Mwalimu Masoud, aliyekuwa amekuja mbio kwa zile kelele. "Mwalimu, fungua ile ya mwanzo uliyotupa! Ilinganishe na hii, kila mtu aone niliyoyafanya mimi!"

Mwalimu akaifungua. Ukurasa wa mbele ulikuwa na maneno machache, akayasoma kwa sauti:

"'Nimeitengeneza mimi, Birta, mfumaji wa masweta. Itumie, ibadilishe, mpe na mwenzako. Ninaomba jambo moja, usilifute jina langu.'"

Shadya alikumbuka vizuri ile siku ya vigelegele. Alikuwa amelifuta jina hilo kwa kidole kimoja, ili lake lipate nafasi. Akainamisha uso kwa haya.

"Shadya," aliita shangazi.

"Naam, Shangazi."

"Una haki ya kukasirika. Hisham amekukosea, na atakutaka radhi. Lakini huyo Birta naye umemkosea vivyo hivyo, ila yeye yuko mbali, hayupo hapa kupiga kelele. Kukigeuza kitu kikufae si kosa, mwenyewe karuhusu. Kosa ni kumfuta aliyekianza. Mtu mwaminifu humtaja aliyemtangulia hata kama hayupo kumsikia."

"Nisamehe, Shadya," alisema Hisham taratibu. "Nlitaka nisifiwe mimi."

"Hata mimi," alijibu Shadya.

Wakakaa kwenye kompyuta moja na kuandika ukurasa mpya: "Birta ndiye aliyeianza. Shadya akaigeuza ifuate mkono wa Bi Mwanakheir. Hisham akatia rangi." Mwalimu Masoud aliusoma mara mbili, kisha akasema kazi hiyo ndiyo itakayokwenda kwenye mashindano, na ukurasa huo huo mbele.

Baadaye mgeni mmoja akainama mezani kutazama maua yakizunguka kofia.

"Mashaallah! Binti, hii umeitengeneza wewe?"

Shadya alimtupia jicho shangazi yake, akatabasamu.

"Hii ya Birta," alisema. "Mimi nimeigeuza tu ianzie kulia."