Kopo Ambalo Sikulificha

Ilikuwa Jumamosi ya kawaida, jua limetulia, gereji haina mteja. Mimi naziba pancha. Shule niliiacha kidato cha pili, ikiwa bado inanihitaji, lakini tairi la kunishinda halijatoka kiwandani. Wewe uliyemaliza vidato vyote, hebu ng'oa tairi la lori peke yako halafu tuongee.

Siku hizo nilikuwa nimenogewa na mchezo wa kusaka makopo. Kama hujui, nakuelimisha bure. Mtu anaficha kopo mahali, anasoma namba za ramani kwenye simu yake, anazitundika kwenye tovuti ya mchezo. Wewe unafuata namba mpaka ulipate. Ndani kuna daftari la kusaini na vitu vidogo vya kubadilishana. Ukichukua kimoja, unaacha kingine cha thamani ileile. Ndiyo sheria, hakuna nyingine.

Nilikuwa nimesaka makopo mawili tu, nikajiona nimeiva. Nikachukua kopo tupu la siagi, la plastiki, nikatia nusu daftari na vali tatu za tairi kama zawadi. Nikaenda nyuma ya karakana ya useremala iliyofungwa miaka mingi, nikalisokomeza kwenye tundu la ukuta. Nikasimama palepale chini ya bati, nikasoma namba mara moja, nikaondoka. Dakika mbili, kazi imekwisha. Nikaliita Mali ya Bingwa. Bingwa ni mimi. Jina nilijipa mwenyewe, nyie mngechelewa.

Kesho yake akaja gereji mpima ardhi mmoja, mkongwe wa mchezo huo. Anatembea kama anahesabu hatua.

"Bwana mdogo, ulisoma namba ukiwa chini ya bati?"

"Ulitaka nisimame juani niive?"

"Bati linaichanganya simu. Unasimama peupe, unatulia, unasoma hata mara kumi. Namba zako zinatupa watu mita kumi na tisa pembeni. Kopo lenyewe nimelipata kwa kubahatisha. Daftari limelowa umande, siafu wamehamia. Hayo si maficho, hilo ni jalala."

"Wivu huo, mzee wangu."

"Zirekebishe," akasema, bila kucheka. "Huwezi kujua unawapeleka watu wapi."

Ningezirekebisha. Kweli ningezirekebisha. Lakini jioni ile nikakuta ujumbe wa fundi wa kuchomelea wa mtaa wa pili: "Nimelipata! Kopo zuri la chuma, limefukiwa kitaalamu. Na vile vinyago vya mbao, mikono yako ibarikiwe. Nimechukua vidole viwili, nimeacha funguo. Nyota tano."

Nikasoma mara mbili. Kopo langu la plastiki. Sikufukia kitu. Vinyago sikuwahi kuwa navyo.

Mwenye akili angeandika, "Samahani, hilo si langu." Mimi niliandika, "Karibu tena."

Jumatatu, jiwe la kukatia chuma lilipasuka mkononi mwa fundi yule. Likaondoka na vidole vyake viwili. Cha pete na cha mwisho. Tukasema ajali kazini, tukamchangia dawa, na mimi nikaendelea kuhesabu nyota zangu.

Alhamisi akaja dereva wa lori, mteja wangu wa siku zote, mtu wa mizaha.

"Bingwa! Kwa kuficha wewe ni hatari. Jana nimelipata kopo lako." Akachomoa kitu mfuko wa shati. Safu ya meno ya mbao, madogo, yamechongwa moja moja na kufungwa kwa uzi mweusi. "Nimeacha kiberiti. Haya unachonga mwenyewe?"

"Mwenyewe," nikasema, naye akayarudisha mfukoni.

Nilikuwa najaza tairi lake la mbele. Nimechuchumaa juu yake, uso wangu shibiri moja kutoka kwenye ile ringi ya chuma inayofunga tairi la lori. Dereva amesimama mlangoni, hatua sita nyuma yangu, anacheka.

Ringi ikafyatuka.

Ilipaswa kuondoka na kichwa changu. Kila mziba pancha anajua hivyo. Ilinipita. Nilihisi upepo wake sikioni, nikasikia kishindo nyuma, kama gogo linapasuliwa. Nilipogeuka, dereva alikuwa ameketi chini, kimya, ameshika kidevu kilichokuwa kinaning'inia. Damu ilimwagika kifuani kama bomba limeachwa wazi. Mbele hakuwa na jino hata moja. Juu wala chini. Nilimpapasa mfuko wa shati.

Ulikuwa mtupu.

Tulimpakia kwenye gari la jirani, akaondoka hai. Nilikuwa bado nanawa damu simu ilipolia. Picha, kutoka kwa mdogo wangu wa tumbo moja. Ni fundi cherehani, tunamwita Sindano kwa wembamba wake. Chini ya picha ameandika: "Kaka, leo nimelipata kopo lako! Nimechukua hiki, nimeacha kifungo."

Kiganja cha mbao. Cha kulia. Kimekatwa kwenye kifundo, pamefungwa uzi mweusi.

Nilichukua chuma cha kufungulia matairi, sijui kwa nini, nikakimbia. Nilimkuta kwenye cherehani, kile kiganja kimening'inia kwenye taa ya mashine, kinacheza. Alikuwa anaangalia mlangoni kunisalimia. Vidole vyake vilikuwa vinaingia chini ya sindano. Nikang'oa waya ukutani.

"We kaka! Nguo ya watu hiyo!"

"Ongea taratibu," nikanong'ona. Sijui nilihofia nani atusikie. Nikamweleza. Yote.

Akasogeza kiti mbali na kile kiganja.

"Kwa hiyo kopo si lako."

"Si langu."

"Na ulijua tangu vidole vya fundi."

Nikauzungusha ule waya mkononi.

"Kwa nyota, kaka? Mimi nakula kwa mkono huu." Akanyanyua wa kulia. "Mkono huu."

"Tunakirudisha. Sasa hivi."

Saa nane mchana tulikuwa nyuma ya karakana. Jua kali, kivuli hakuna. Tulifuata namba zangu mbovu, tukaupita ukuta, tukafika kwenye ubao uliolala chini. Sindano akaunyanyua. Kopo lilikuwepo, la chuma, limefukiwa mpaka ukingoni. Akafungua kifuniko; kina chake hakikuzidi kiganja.

Funguo. Kiberiti. Kifungo chake. Na vidole viwili vilikuwa vimerudi.

Havikuwa vya mbao.

"Usiangalie," nikasema. "Weka, tuondoke."

"Weka wewe!"

"Sikukichukua mimi."

Akapiga magoti. Akashusha kile kiganja polepole. Mkono ukaingia mpaka kifundo. Ukaendelea. Kopo la kina cha kiganja likameza mkono wake mpaka karibu na kiwiko.

"Kaka," akanong'ona. "Kuna mtu."

Akavutwa. Bega likagonga ardhi. Uso ukasaga mchanga. Nikamshika kiuno, nikavuta. Kitu kikavuta zaidi. Alipiga kelele mara moja, kisha akakosa pumzi, akabaki kupanua mdomo tu. Kiwiko kikazama. Nikamwachia. Nikainua chuma.

Nilipiga ukingo wa kopo. Halikubonyea. Nikapiga tena, cheche zikaruka. Mkono ukazidi kwenda. Mara ya tatu niliingiza chuma ndani, kando ya mkono wake, nikakita kwa nguvu zangu zote.

Nilisikia mfupa.

Nakwambia ukweli, na sijawahi kuusema gerejini. Mfupa ule ulikuwa wa mdogo wangu. Lakini chuma kiligonga na kitu kingine, na hicho kingine kikalegea. Mkono ukatoka, umepinda mahali pasipo na kiungo, vidole vyote vitano vipo. Nikambeba begani, nikakimbia, sikugeuka nyuma.

Kesho yake mpima alikwenda na mashine yake ya maana, akasimama kwenye namba zangu, akachimba mpaka kiunoni. Alikuta udongo mgumu, akaapa haujawahi kuguswa na jembe. Namba nimezifuta. Nyota zimekwenda nazo. Usinicheke.

Sindano alifungwa plasta. Kwa wiki sita hakusema nami ila siku moja tu, aliponiuliza kama mkono utashona tena.

Siku ya kukata plasta nilikwenda naye. Mkono ulitoka mwembamba, mweupe kwa unga, mzima. Akakunja vidole, akakunjua, akaanza kulia kwa furaha. Akanipiga kofi kwa mkono uleule, la nguvu, nami nikashukuru.

Muuguzi hakucheka. Alikuwa ameshika yale magamba mawili ya plasta, anayageuza dirishani.

"Nani alimshika kabla plasta haijakauka?"

"Hakuna," nikasema.

"Hapa ndani. Na pamba ilikuwa katikati."

Nikasogea. Kwa ndani, usawa wa kifundo, palikuwa na alama ya mkono uliomkamata. Vidole vinne upande huu, gumba upande ule, vimezama kabisa. Kiganja cha mtu kina mikunjo. Kile hakikuwa nayo. Kilikuwa na nyuzi ndefu zilizonyooka, kutoka kwenye kifundo mpaka kwenye ncha za vidole, kama za ubao uliopigwa randa.