Mbwa Aliyezuia Lango

Mbwa wa kuchungia akiacha kuwaangalia kondoo, ujue kuna jambo. Nel aliacha siku ya kumi tangu aletwe. Kondoo jike themanini wenye mimba pevu walikuwa uwanjani wanatafuna, na yeye, mbwa wa aina ya koli, mweusi mwenye shingo nyeupe, amewapa mgongo. Alikuwa amelala kifudifudi mbele ya lango, masikio mbele, amekodolea macho njia ya mawe inayoshuka kutoka ziwani. Njia ilikuwa tupu. Mererid alimwita, akampigia mluzi, akamtikisia bakuli la maini, lakini Nel hakugeuza hata sikio. Saa ya jikoni ilionyesha saa tisa na nusu.

Saa tisa na nusu ndiyo saa ambayo Nesta alikuwa akifika nyumbani kutoka shule.

Hilo Mererid hakulisema. Tangu Januari kulikuwa na mengi asiyoyasema. Nesta alikuwa na miaka saba. Siku ile alishuka kwenye basi la shule na badala ya kuja nyumbani akapanda ziwani kuchezea barafu, nayo ikavunjika. Wapiga mbizi walimtoa siku ya tatu, ana sweta la shule na buti moja. Koti lake jekundu la mvua halikuonekana, na hakuna aliyelitafuta, maana nani ana habari na koti wakati kama ule. Mererid alimvisha mwenyewe nguo za mwisho, wakamzika kando ya kanisa, kisha akarudi nyumbani akanyamaza.

Wazo la mbwa lilikuwa la Idwal, mumewe. "Mbwa mzee amekufa, tunachunga kondoo kwa kupiga makopo kama wendawazimu," alisema. "Twende tukachukue mmoja pale wanapotunza walioachwa."

"Sitaki mbwa."

"Basi mimi nataka. Wewe utamlisha tu."

Ulikuwa uongo wa mapenzi, na wote wawili walijua. Walikwenda. Bi Eirlys, mama wa makamo aliyekuwa akisimamia kituo kile, aliwapitisha mabanda yote hadi la mwisho, akawaonyesha koli mmoja aliyekonda amekaa kimya kwenye kona. "Huyu amerudishwa mara mbili," alisema. "Haumi, haibi. Ila muwe na subira naye."

Manyoya ya Nel yalikuwa yamefungana vifundo, na shingoni alikuwa na kidonda alichoachiwa na mnyororo wa mtu fulani, Mungu anamjua. Mererid alivikata vifundo kwa mkasi kimoja kimoja. Alimfichia dawa ya minyoo ndani ya jibini. Asubuhi na jioni alikaa chini kwenye nyasi akampaka mafuta kwenye kile kidonda, na mikono ikiwa kazini, mdomo nao ukafunguka. "Tulia, binti. Tulia. Nani alikufanyia hivi, mama?" Yalikuwa maneno mengi kuliko yote aliyosema tangu mazishi. Idwal aliyasikia kutoka nyuma ya mlango, akalia bila sauti.

Kwa hiyo Nel alipoanza mambo ya langoni, iliwauma. Kila siku, saa tisa na nusu, alilala palepale na kukazia macho njia tupu, kwa namna ile koli anavyomkazia kondoo mkaidi asipige hatua. Alitetemeka mwili mzima. Giza likiingia ndipo alipoinuka, akayumba hadi bandani na kuanguka usingizini bila kugusa chakula. Mbavu zikaanza kuhesabika upya.

"Labda anaona sungura," Idwal alisema.

"Sungura wa saa tisa na nusu kila siku?"

"Sungura wa Wales wana ratiba zao."

Mererid hakucheka. Jana yake alikuwa amesikia komeo la lango likichezeshwa taratibu, tik, tik, kama mtoto asiyefikia vizuri, na hapakuwa na upepo. Mawe ya nje ya lango yalikuwa na maji. Ya ndani yalikuwa makavu. Na harufu ilikuwepo, tope la ziwani na matete yaliyooza, na juu ya harufu hiyo, nyepesi, sabuni ya maua ya zambarau aliyokuwa akimwogeshea mwanawe.

Alimpigia simu Bi Eirlys. "Wale waliomrudisha Nel walisema nini?"

"Wa kwanza hakusema. Wa pili alikuwa mjane. Alilalamika kwamba mbwa hampishi mtu kuingia kwake. Nikamuuliza, mtu gani? Akasema, mume wangu." Akakohoa. "Nilichukulia ni majonzi, mama. Mtu akifiwa husema mengi."

"Na yeye sasa yuko wapi?"

"Mwezi uliofuata nilimpigia kumjulia hali." Sauti yake ilishuka. "Simu ikapokelewa na mwanamume. Nikakata."

Watu wa milima ile wanajua kwamba ziwa lina wenyewe. Hawalizungumzii, ila hawaogi humo. Mererid alilijua hilo tangu utotoni, na kama angekuwa mama mwenye mtoto hai, angefunga milango na kumwita mchungaji wa kanisa siku ileile. Lakini alichosikia yeye katika maneno ya Bi Eirlys ni kitu kimoja tu, kwamba mume wa yule mjane alirudi.

Ukaja msimu wa kuzaa. Asubuhi moja kondoo jike alizaa mfu, na bandani kulikuwa na mwanakondoo yatima aliyefiwa na mama yake usiku. Mererid alifanya kama alivyofanya miaka yote, na kama mama yake alivyofanya. Alimchuna yule mfu, akaacha matundu manne ya miguu, akamvisha yatima ile ngozi kama sweta, mikunjo imebana makwapani. Kisha akamsogeza kwa yule jike aliyefiwa. Jike alinusa mkia, akanusa tena, akagutuka. Halafu akaachia kiwele. Yatima alipiga magoti akanyonya, mkia wa mwenzake marehemu ukining'inia juu ya wake.

"Amekubali," Idwal alisema, anajifuta damu. Alikuwa hajalala siku mbili. "Baada ya siku tatu tunaivua. Atakuwa ameshamzoea."

"Hivi kweli hajui?"

"Kondoo ni pua tu, mke wangu. Mimi nakwenda kujinyoosha." Akaondoka.

Mererid aliutazama uso wa yule jike kwa muda mrefu. Ilimjia kwamba anajua, ila kiwele kinamuuma.

Mchana ukungu ukashuka, mzito, ukameza ukuta wa mawe na nusu ya uwanja. Saa tisa na nusu Nel alikuwa langoni. Mererid alikuwa anapita na ndoo aliposikia sauti ng'ambo ya lango, ndogo, ya kulalamika, sauti ambayo angeitambua hata akiwa ndani ya kaburi.

"Mama. Mbwa hanipishi."

Ndoo ikamdondoka.

"Mama, nina baridi. Kila siku nakuja, na huyu mbwa hanipishi."

Kila siku! Mwanawe alikuwa akija kila siku, na yeye yuko jikoni anaosha vikombe! Mererid hakufikiri zaidi ya hapo. Alimshika Nel kwa ukosi na kumburuta. Mbwa hakumng'ata, alijilaza tu chini kuwa mzito, anamtazama. Alimfunga bandani kwa kamba, shingoni, juu ya kidonda kilichokuwa ndiyo kwanza kinapona. Nyuma yake Nel alianza kulia, mlio mrefu ambao hakuwahi kuutoa hata siku moja.

Akalifungua lango.

Kitu kiliingia kimevaa koti jekundu, kofia imefunika uso. Kilikuja kwa hatua fupi fupi za buti dogo na mguu mtupu, buti, mguu, buti, mguu, hadi kikamfikia, kikampiga kichwa kifuani mara mbili, tatu, kwa nguvu, kama chenye njaa. Mererid alipiga magoti akakikumbatia. Sabuni ya zambarau! Akanusa, akanusa tena, akalia, akasema jina la mwanawe mara nyingi, na huku mikono yake, iliyokuwa imewavika yatima mia ngozi za wengine na kujua kazi hiyo hata gizani, ilipita yenyewe mgongoni, ikashuka ubavuni, ikafika makwapani, na pale makwapani ikakuta koti limebana, limekunjamana, limelazimishwa juu ya mwili usiokuwa wa kipimo chake, mwili wenye viungo virefu vilivyojikunja ili vitoshee, baridi kuliko mawe, na kutoka chini ya kola, pale sabuni ilipoishia, ikapanda harufu ya tope la ziwani, lile lililomjaa Nesta mdomoni siku walipomtoa.

Ninasema ukweli, kwa kuwa wengi wangeficha: alijua, na bado mikono yake haikuachia. Kifua kilimuuma. Alijiambia, siku tatu tu, kitazoea, nitazoea. Na sauti ikamwambia sikioni, "Twende ndani, mama."

Kamba ilikatika bandani. Nel alitokea ukunguni shingo inavuja damu, hakubweka, akajipenyeza kati yao, akalala chini na kukitazama kile kitu. Kikarudi nyuma hatua moja. Kikasimama. Nel naye akasimama, anatetemeka, mguu mmoja juu. Hapo ndipo Mererid, aliyekulia na mbwa hawa, alipoelewa. Koli huzaliwa akijua kumzuia mnyama na kumleta kwa mtu. Kumpeleka mnyama mbali na mtu, hapana, hilo halimo damuni mwake. Hawezi kulifanya peke yake. Lazima asikie sauti ya bwana wake kila hatua. Nel alikuwa amezuia wiki zile zote, anakonda, anasubiri amri ambayo hakuna aliyempa.

Ilibidi atoe yeye. Kwa mdomo wake mwenyewe.

"Nel," alisema. "Nel. Mbele."

Mbwa akapiga hatua. Koti jekundu likarudi nyuma, likatoka langoni.

"Mama, unafanya nini?"

"Kushoto, Nel. Polepole. Mbele."

Walikipandisha mlima. Nusu saa, Mererid nyuma, mbwa katikati akienda kulia na kushoto, na kile chekundu mbele kikiyumba ukungu ukikificha na kukifichua, na kila hatua kikilia kwa sauti ya mwanawe: mama nisamehe, mama sitacheza tena kwenye barafu, mama basi naomba nilale bandani na wanakondoo, ndani sitaingia, sitakuwa mtundu, mama, mama, na yeye anapiga mluzi kwa midomo iliyojaa machozi, mluzi wa mbele, mluzi wa mbele tena, anamfukuza mwanawe nyumbani, maana ndivyo ilivyokuwa masikioni mwake na moyoni mwake, hata kama mikono ilikuwa imeshajua. Mara mbili alinyamaza, na mara mbili Nel alisimama, akageuka kumtazama, na koti likaanza kushuka. Mara mbili akamwamuru tena.

Ukingoni mwa maji kile kitu kikatulia, kikainua kofia kidogo. Mererid alitazama chini asione.

"Wewe ni mama gani?" kilimuuliza, si kwa hasira.

"Mbele, Nel," alisema.

Maji yakajikunja juu ya lile koti bila kishindo. Alibaki pale hadi yalipolala. Kisha akamwambia mbwa, "Basi, binti. Inatosha," akamvua shingoni kipande cha kamba kilicholowa damu, na kwa kuwa Nel hakuweza tena kusimama, akambeba mikononi hadi nyumbani, mzito, mwenye joto, moyo wake ukidunda.

Idwal alikuwa jikoni gizani, amekaa, ameshika ukingo wa meza kwa mikono miwili. Hakuuliza mbwa ana nini. Mererid alimlaza Nel kando ya jiko, akatafuta kitambaa safi.

"Nimeamshwa na kilio," Idwal alisema.

Mererid aliacha kutafuta.

"Siku ile ya Januari nilikuwa najenga ukuta kule juu. Nilimsikia akiita. Baba, baba. Nikadhani anacheza." Alisema polepole, kama anayesoma maandishi hafifu. "Sijawahi kukwambia. Nilimalizia jiwe nililokuwa nalo mkononi. Na leo nimemsikia tena, analia mlima mzima, na wewe unampigia mluzi. Kwa nini hukumleta, Mererid?"

"Hakuwa yeye."

"Alikuwa analia."

"Idwal, nimemshika. Hakuwa yeye."

Aliitikia kwa kichwa, kama mtu aliyeelewa. Akainama akavuta buti zake kutoka chini ya meza, akaanza kufunga kamba.

Nel akainuka. Miguu ilimtetemeka, damu ikamdondoka sakafuni. Alivuka chumba chote cha jikoni, akajilaza kifudifudi mbele ya mlango, masikio mbele, akamkazia Idwal macho.