Waya wa Kuanikia Nguo

Binti wa pekee wa fundi cherehani alikuwa mbali, nchi za watu, na ujauzito wake ulikuwa umekomaa.

"Mama, uchungu ukianza nitakupigia," alisema kwenye simu. "Nataka nisikie sauti yako tu."

Mama wa watu akakosa raha. Kila jioni alishona vinguo vya kichanga huku simu ikichaji kando yake. Alitamani sana kumwona mwanawe.

Tatizo lilikuwa radi. Ikipiga tu, pu! Giza mtaa mzima. Simu nayo ilikuwa kuukuu, bila chaji haikai. Siku moja binti alipiga usiku kucha asimpate. Kesho yake alilia, "Mama, nilijua umenifia!"

Mafundi wa umeme wakaja tena kubadilisha fyuzi iliyoungua. Mmoja wao, dada mwenye kofia ya njano, akaizunguka nguzo ya transfoma. Akashika kiuno.

"Haya! Waya wa kushuka ardhini uko wapi?"

Macho yake yakatua uani. Shuka zilikuwa zimeanikwa juu ya waya mzuri wa shaba. Mume wa mama akakohoa.

"Ule? Ulikuwa umekaa bure, dada. Hauwashi hata taa moja!"

"Baba, kazi yake si kuwasha taa. Unaona vile vikopo juu? Ni vizuia radi. Radi ikipiga nyaya, vinaipitisha kwenye waya huo, inaishia ardhini. Umeukata, sasa ipite wapi? Inaingia kwenye transfoma na kuiunguza. Na wewe umeponea chupuchupu, maana nguzo haiguswi!"

"Mimi ndiye niliyemwomba kamba isiyooza," mama alisema, machozi yakimlengalenga. Kumbe alijikatia mwenyewe sauti ya mwanawe.

Mafundi wakafunga waya mpya, wakauunganisha na chuma kilichopigiliwa ardhini.

"Si kila radi itazuilika," dada alisema, "ila umeme hautakatika ovyo. Mkiona waya umekatwa, msiurudishe wenyewe, tupigieni. Na radi ikinguruma, chomoeni vitu kwenye soketi."

Mume akanunua kamba ya nailoni, akaifunga mbali na nguzo. Kisha akapita kwa majirani kuwaeleza, kifua mbele. Wakamtania, "Karibu, Bwana Radi!"

Jioni moja mvua kubwa ikashuka. Mama akachomoa simu, ikazimika papo hapo. Radi zikapiga mfululizo. Yeye alikodolea taa macho, akiomba Mungu. Taa ikapepesa. Ikatulia, ikiwaka.

Ngurumo zilipokoma kabisa, akachomeka simu. Haikuchukua muda ikaita.

"Mama, upo?" Binti alikuwa anahema.

"Nipo, mwanangu. Nipo."

Hakuondoka pale kwenye soketi mpaka aliposikia mjukuu wake akilia.