Gololi za Abeli

Mafundi pikipiki wa Nzuguni, hapa Dodoma, ni wengi kama kunguni, lakini fundi ni Zablon. Huyo hakungoja kufungua injini ndipo ajue ugonjwa. Aliinamisha sikio tu, akakutajia hata mwezi ulipoanza! Na alikuwa na mwiko mmoja: kifaa cha zamani akikitoa, anakipondaponda kwa nyundo mbele ya mwenyewe, kisije kikasuguliwa na kuuzwa kama kipya.

Mwiko wa mtu mwaminifu. Ndio uliomponza.

Alasiri moja aliitwa kijijini Hombolo. Kijana mmoja, Elieza, alitaka pikipiki iongezwe nguvu ibebe makreti ya zabibu: bloku kubwa, pistoni mpya, na beringi za kamshafti, zile zinazoshika mhimili wa vali kule juu.

"Hizo beringi hasa, fundi," Elieza alinong'ona. "Kelele zake... Zitoe leo. Kabla jua halijazama."

Zablon akapiga kiki. Kwa-kwa-kwa-kwa!

"Ndugu yangu, hii si pikipiki, ni kinu cha mtama!" akacheka. "Ya nani?"

"Ya kaka, Abeli. Alikufa nayo mwezi wa nne, akirudi kutoka mjini."

Zablon akaacha kucheka, akashika spana. Akafungua hedi, kile kichwa cha injini, akang'oa beringi zilizochoka, akapachika mpya. Akazizungusha kwa kidole... kimya, kama mafuta juu ya maji. Zile za zamani akaziweka juu ya jiwe. Nyundo! Gololi zikatawanyika vumbini.

Elieza akatabasamu kwa mara ya kwanza.

Jua lilipogusa vilima, mama yao, Mama Loisi, akatoka jikoni na sinia.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

Akaweka ugali na mlenda kando ya lango la miiba. Kisha akamgeukia Elieza. "Iwashe. Saa yake imefika."

Elieza hakusogea. Zablon, kwa kupenda sifa, akaiwasha mwenyewe. Injini ikanguruma laini kama cherehani ya dukani.

"Sikia hiyo, mama! Nani kama Zablon?"

Mama Loisi akashika kifua.

"Sauti yake iko wapi?"

Upepo ukatulia. Ikaja harufu ya udongo mbichi, udongo wa kaburi, na kiangazi kile hakuna tone la mvua lililodondoka. Halafu, nje ya miiba...

Kra... kra...

Nyayo. Mguu mmoja ukiburuzwa. Mtu haonekani.

"Abeli," mama akaita. "Ni hapa, baba. Ni hapa..."

Nyayo zikasimama langoni. Zikazunguka ua. Mara moja. Mara mbili. Kama mgeni anayeogopa kubisha hodi nyumba ya watu. Kisha zikafifia kuelekea barabarani.

"Huwa anaingia," mama alisema polepole. "Huwa anakula. Mimi hanisikii. Anasikia mlio wa injini yake inavyogonga tu. Ndiyo inayomwonyesha nyumbani."

Elieza akaangua kilio. "Kila jioni ananikalia ubavuni, mama. Ana baridi! Mimi ndiye niliye hai."

"Na yeye ndiye aliyepotea."

"Usijali, mama," Zablon akadakia, "zile za zamani ninazirudi—"

Akaiona nyundo yake juu ya jiwe.

Mama Loisi alikwisha kupiga magoti. Kwa mwanga wa simu akaokota gololi, moja moja, akizitia kwenye kopo la maziwa. Zablon naye akainama kuokota.

Wanaotoka Hombolo wanasimulia kwamba kila jioni mama yule husimama langoni akitikisa kopo. Lakini sauti ya kopo itafika wapi?

Wiki ya pili, saa ya magharibi, kule Nzuguni, mteja alimwachia Zablon pikipiki ikiwa inaunguruma. Kwa-kwa-kwa-kwa. Zablon akainamisha sikio.

Harufu ya udongo mbichi.

Kra... kra... Nyuma yake.

"Fundi," sauti iliyochoka ikauliza, "hapa ndipo kwetu?"

Zablon, mwenye jibu la kila kitu, akakosa hilo moja dogo: hapana. Nyayo zikasubiri kwa adabu. Zikasubiri sana. Kisha zikaondoka, kuufuata mlio mwingine wa kugonga uliosikika ng'ambo ya barabara.

Na Dodoma hii, pikipiki zinazogonga ni nyingi.