Fisi Aliyesifiwa

Jumanne moja, saa tisa alasiri, Specioza alirudi kutoka shuleni alikofundisha, akamkuta fisi wa mumewe amegeuka. Siku zote mnyama yule wa kwenye kompyuta alitazama kijiji chake na kuwapa wao mgongo. Siku hiyo alikuwa amekaa kitako, ameelekea nje ya kioo, kichwa amekiinamisha kidogo kama anayesubiri kuambiwa jambo. Sebule ilinuka ngozi iliyolowa.

"Baba Noela, umeshindaje?"

"Vizuri," alijibu Rwehumbiza. Machozi yalikuwa yakimtiririka.

Jibu halikumshangaza Specioza. Mumewe alikuwa fundi wa injini za meli za Ukerewe hadi kiharusi kilipomwangusha mwezi wa pili. Kilimpooza upande wote wa kulia, na katika maneno yote aliyokuwa nayo, ya Kihaya na ya Kiswahili, kilimwachia hilo moja tu. Ukimuuliza kama ana njaa, vizuri. Akiumia, vizuri. Akitaka kukataa, vizuri.

Gemu aliletewa na binti yao Noela, aliyesoma chuo huko Nyegezi, ili mkono wa kushoto upate mazoezi.

"Hapa, baba, wewe ni mungu wa kisiwa," alimweleza. "Hawa watu wanalima, wanakuomba mvua. Huyu fisi ni wako, unamfundisha. Akifanya jema, mpapase na mausi polepole, hivi. Akikosea, ivute haraka, atakula kofi. Hata sauti yako anaisikia."

Mzee alicheka, kwa mara ya kwanza tangu augue. Kwa wiki tatu fisi alibeba mahindi ya wanakijiji na kumwagilia mashamba yao.

Asichokijua Specioza ni kwamba asubuhi ya Jumanne ile fisi alimnyanyua mwanamke aliyekuwa akichota maji, akamla. Rwehumbiza alivuta mausi amchape. Mkono wa kushoto, usiozoea kazi hiyo, haukuwa na kasi. Uliteleza taratibu mgongoni mwa mnyama, kutoka shingoni hadi mkiani, na mdomo uliotaka kukemea ukasema vizuri. Fisi akatikisa mkia, akaenda kumtafuta mwingine. Kufika mchana kijiji kilikuwa kitupu. Ndipo fisi alipogeuka.

Ijumaa umeme ulikatika na kompyuta ikazima. Specioza alikuwa jikoni akimenya ndizi aliposikia kucha zikitembea kwenye saruji ya sebuleni, kisha kitu kikitafunwa. Alipoingia alimkuta mumewe peke yake. Chini ya kiti chake kulikuwa na mkanda wa shingoni wa mbwa wa Suzana, jirani yao, umelowa mate. Mbwa mwenyewe hakuonekana tena pale mtaani kwao Bwiru.

Noela alilifuta gemu. Harufu haikutoka. Waliiondoa kompyuta yenyewe nyumbani, harufu ikabaki, na Rwehumbiza akawa anafuata kwa macho kitu kilichozunguka chumba, kimo cha magoti ya mtu. Katekista alikuja akasali, akaondoka bila kumaliza chai. Mwisho Specioza akamwita mganga Chenge kutoka upande wa Bujora.

Chenge hakuvuka kizingiti. Alichuchumaa mlangoni, akanusa.

"Ni jini," alisema kwa sauti ya chini. "Angekuwa ametumwa, ningemrudisha kwa aliyemtuma. Huyu amelelewa. Alikuwa anatafuta bwana, akampata humo mchezoni. Amejifunza kwamba kula watu kunampendeza bwana wake."

"Sasa tufanyeje, babu?"

"Aliyemfundisha amkataze. Neno moja linatosha. Mzee, sema hapana."

Rwehumbiza alifumba macho. Mishipa ya shingo ilimtoka, jasho likamshuka hadi kidevuni, midomo ikajikunja kulitafuta neno.

"Vizuri," alisema.

Kucha zilisogea mlangoni. Chenge alikusanya vibuyu vyake bila kugeuza mgongo. "Mama, mimi siwezi. Msimwache aseme hilo neno mbele ya mtu tena."

Siku hiyohiyo Specioza alimpandisha Noela meli ya Nansio, kwa shangazi yake, bila kumweleza maneno ya mganga, maana alimjua: angekataa kuondoka. Akaomba likizo shuleni. Wageni aliwapokea getini. Alimlisha mumewe kimya, akamwogesha kimya, na kila Specioza alipotaka kutoka chumbani, Rwehumbiza mwenyewe alionyesha kwa kidole taulo dogo, naye akamfunga mdomo kwa nguvu. Walitazamana kila mara alipokaza fundo. Waliishi hivyo siku kumi na moja.

Siku ya kumi na mbili Specioza alikuwa uani akianika nguo. Noela, ambaye kwa simu alijibiwa kwa mkato kila siku hadi akaamini kwamba baba yake amekufa na kwamba yeye anafichwa habari, alishuka melini bila kumwarifu mtu, akaingia kwa mlango wa mbele, akamkuta kitini, hai.

"Shikamoo, baba."

Kisha akaliona taulo. Alipiga magoti, akalifungua fundo, akiuliza nani kamfanyia hivi, na nyuma yake Rwehumbiza akamwona mnyama akiinuka kutoka pembeni mwa kabati, akija bila haraka, akinusa kisigino cha binti yake, kisha akiinua kichwa kumtazama yeye, bwana wake, akisubiri.

"Baba, unaendeleaje?"

Alibana meno. Alitikisa kichwa mpaka kiti kikalia. Noela akadhani ni maumivu, akamshika mashavu kwa mikono yote miwili, akilia, akimsihi amjibu hata neno moja tu ajue kwamba bado anamfahamu, na mdomo ule, ambao tangu mwezi wa pili haukuwa mali yake tena, ukafunguka.

Specioza alilisikia neno kutoka uani. Alidondosha shuka akakimbia. Sebuleni alikuta begi la Noela, na kandambili moja. Rwehumbiza alikuwa analia, na mkono wake wa kushoto ulikuwa ukichapa hewa mbele ya magoti yake, unachapa, unachapa, polepole kama mtu anayebembeleza.